NANI ATAKAA NDANI? YEYE AULIZWE KWANZA



Siku hizi ku masomo yetu habari iko moja tu: labo mpya. Kamati ya wazazi imetangaza kwamba nyuma ya vakansi kubwa msingi utachimbwa kando ya uwanja wa mpira, na sisi wa sayansi hatutasoma tena kemia kwa kuangalia picha katika kitabu. Ni habari njema. Tunawashukuru wazazi, maana tunajua falanga ya kujenga inatokaka wapi na inatokaka kwa shida gani.

Lakini niko na neno. Mchoro wa labo umekwisha kubandikwa ku mlango wa ofisi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeulizwa kitu. Wengine wanasema: "Ni sawa, watoto wanajua nini juu ya kujenga?" Mimi ninasema: wanajua mengi. Yule atakayekaa ndani ya nyumba, yeye aulizwe mbele fundi hajaanza. Na nyumba ikiisha, yeye njo ahesabu umeme inayokula. Haya mambo mawili si ndoto ya mtoto wa masomo. Yamekwisha kufanywa fasi zingine, tena na wanafunzi, na matunda yake yanaonekana.

1. Mwanafunzi aliyejenga masomo

Kule Burkina Faso kuko kijiji kinaitwa Gando. Mtoto mmoja wa kijiji kile, Francis Kéré, alitumwa kusoma katika kalasi ya simenti yenye giza na joto, watoto zaidi ya mia moja wamebanana ndani. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kujifunza kuchora nyumba. Hakungoja diplome. Akiwa bado mwanafunzi alikusanya msaada kwa marafiki, akachora masomo ya msingi ya kijiji chake, na kazi ikaisha mwaka 2001. Diplome aliipata 2004, na mwaka ule ule masomo ya Gando ikapewa tuzo la Aga Khan. Mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa tuzo la Pritzker, lile kubwa la wachoraji wa nyumba duniani. Mwafrika wa kwanza.

Sasa, alifanya nini katika mchoro? Alichukua udongo wa palepale, ukachanganywa na simenti kidogo, ukagandamizwa kuwa matofali. Malata hakuiweka karibu na vichwa vya watoto kama tunavyozoea. Aliinyanyua juu sana, imesimama juu ya vyuma, na chini yake akaweka plafoni ya matofali yenye matundu. Hewa ya moto ndani ya kalasi inapanda, inapita katika matundu, na upepo unaopita kati ya plafoni na malata unaibeba kwenda nje. Hakuna klima, hakuna grupu ya mazut. Watu wa kijiji wenyewe walijenga, na hata watoto walileta mawe ya msingi.

Ninawauliza: ile akili ya kunyanyua malata ilitoka wapi? Ku chuo alijifunza hesabu, ndiyo. Lakini mambo ya joto hakufundishwa na profesa peke yake. Aliyajua juu alitoka jasho ndani ya kalasi. Mchoraji ambaye hajakaa hata siku moja chini ya malata mwezi wa kumi, anaweza kuchora nyumba nzuri ya kuangaliwa tu.

2. Wanafunzi waliokaa meza moja na wachoraji

Mfano wa pili uko mbali, Marekani, katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio. Ni chuo kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1833. Katika miaka ya 1990 mwalimu David Orr aliwauliza wanafunzi wake: kama tunataka nyumba ya kufundishia mambo ya mazingira, hiyo nyumba yenyewe iwe namna gani? Ikafanywa mikutano mingi, wanafunzi na walimu na watu wa mji, meza moja na wachoraji wa nyumba. Mkubwa wa wachoraji alikuwa William McDonough. Mwaka 2000 nyumba ikaanza kazi. Madirisha makubwa yanaangalia kusini, kwa maana wao wako kaskazini ya dunia na jua linapita upande wao wa kusini. Juu ya malata kuko pano za jua. Maji machafu yanasafishwa na mimea ndani ya nyumba yenyewe, nyuma yanarudi kutumika ku vyoo.

Hapa sasa msikilize vizuri, juu hii njo sehemu ambayo watu wanaachaka kusimulia. Walisema kwamba nyumba itatoa umeme mwingi kupita ule inaokula. Lakini walikuwa wameweka vipimo kila fasi, na vipimo havijui kubembeleza mtu. Katika miaka ya kwanza nyumba ilikula kupita pano zilivyotoa. Mwalimu wa fizikia wa chuo kile kile, John Scofield, alipiga hesabu na kuiandika wazi mwaka 2002. Kukawa mabishano makali. Je, waliondoa vipimo ili haya iishe? Hapana. Walitengeneza kilichokuwa kibaya, na mwaka 2006 wakaongeza pano za kilowati 100 juu ya fasi ya kuegesha magari. Hapo njo nyumba ilianza kutoa kwa mwaka kupita inavyokula.

Tena, mwaka 2005 chuo kile kilifanya shindano katika nyumba za kulala wanafunzi. Waliweka namna ya kuonyesha wanafunzi umeme unaotumika. Kwa majuma mawili tu matumizi ya umeme yalishuka kwa asilimia 32. Hawakununua mashine mpya. Watu waliona hesabu kwa macho, wakazima taa.

Kwa hiyo fundisho ni mbili. Kusema maoni mbele ya ujenzi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima nyuma ya ujenzi, na kukubali kile kipimo kinasema. Mwanafunzi anayetaka kuulizwa bila kupima, huyo anataka heshima tu.

3. Basi sisi wa Kolwezi?

Turudi kwetu. Kolwezi iko juu, kupita metre 1.400, na iko kusini ya ikweta, digrii kumi na zaidi kidogo. Kila mtoto wa hapa anajua maana yake bila kitabu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunatetemeka, tunashikana mikono chini ya meza. Mwezi wa tisa na wa kumi, mbele mvua haijaanza, jua linatupiga karibu wima, kalasi inakuwa kama tanuru ya mkate.

Angalieni mchoro ule ku mlango wa ofisi. Upande mrefu wa labo, wenye madirisha yote makubwa, uko uso kwa uso na magharibi. Nani alisoma nyuma ya saa sita asijue maana ya hiyo? Saa tisa, saa kumi, jua linaingia chini chini, linapiga macho, linapiga tablo mpaka maandishi ya choki yanapotea. Jua la chini namna ile hakuna malata inayoweza kulizuia, hata ikitokeza metre nzima. Lakini nyumba ile ile ikigeuzwa, pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, mambo yanabadilika. Jua la saa sita kwetu linapita juu, toka mwezi wa tatu mpaka wa kumi kwa upande wa kaskazini. Malata ikitokeza mbele ya ukuta, kivuli kinafunika madirisha wakati wa joto. Na mwezi wa sita, jua likishuka kidogo, linaingia ndani kutupasha moto wakati tunalihitaji. Bei ya kugeuza nyumba kwenye karatasi ni bei ya kifutio. Bei ya kuigeuza nyuma ya kujengwa, hakuna mzazi ataiweza.

Kuko mambo mengine ambayo mchoraji anayekaa mbali hawezi kuyajua asipotuuliza. Wakati wa mvua, malata inapiga kelele mpaka mwalimu anaacha kufundisha, tunakaa tunaangaliana. Plafoni nzuri ingekuwa dawa ya kelele na ya joto pamoja. Wakati wa kiangazi vumbi la malori linatoka upande wa barabara, kwa hiyo tunafungaka madirisha ya upande ule na kufa na joto. Basi madirisha ya labo yasiwe upande wa barabara, na katikati ipandwe miti. Upepo wa kiangazi kwetu unatokaka kusini-mashariki. Tuuachie mlango wa kuingilia chini na mlango wa kutokea juu, tutapata baridi ya bure. Wazee waliojenga nyumba za kwanza za kampuni hapa mjini walijua hayo. Angalieni zile nyumba za zamani: kuta nene, plafoni ya juu, barza ya kivuli mbele. Hazikujengwa kwa klima.

Hata wadudu wanatufundisha. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa sana, vingine vinapita metre tano, na mafundi wetu wanapenda udongo wake kwa matofali. Kule Harare, Zimbabwe, mchoraji Mick Pearce alijifunza kwa vichuguu jinsi ya kupitisha hewa, na nyumba kubwa ya Eastgate ikafunguliwa mwaka 1996 bila mitambo mikubwa ya klima. Lakini tusijidanganye: matofali yetu ya kuchomwa yanakula miti. Msitu wa miombo unakwisha kwa makala na kwa tanuru za matofali. Matofali ya kugandamizwa na mashine ya mkono, kama yale ya Gando, hayahitaji kuni. Kamati ilinganishe bei ya hayo mawili mbele ya kununua.

4. "Lakini umeme tuko nao!"

Najua wengine watasema: juu ya nini kuhangaika na upepo na kivuli? Tuweke klima. Sisi si watu wa Gando, tuko na Lualaba.

Ndiyo, tuko na Lualaba. Nzilo na Nseke zilijengwa juu ya mto wetu katika miaka ya 1950, ya kwanza megawati 108, ya pili megawati 248. Mwaka 1982 waya mkubwa kutoka Inga ulifika hapa Kolwezi, kilomita 1.700 na zaidi. Na bado tunasoma na mishumaa. Zile barrage zilijengwa kwa kazi ya shaba, na mpaka leo mine njo zinakula sehemu kubwa, na zenyewe zinalia umeme haitoshi. Katika Congo nzima ni kama mtu mmoja kwa watano aliye na umeme. Labo ikijengwa kwa kutegemea klima, siku umeme ukikatika tutawasha grupu, na kila bidoni ya mazut ni vitabu ambavyo havitanunuliwa. Siku mazut ikikosekana, labo itafungwa juu ya joto. Lakini taa ambayo hauhitaji kuiwasha mchana, haina faktire.

Na kuko jambo linaloniuma kupita yote. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, na sehemu kubwa inatoka hapa chini ya miguu yetu. Inakwenda katika batri za magari na za telefone. Shaba yetu inakwenda katika waya za umeme dunia nzima, hata za pano za jua. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilizindua kituo cha utafiti wa batri, Congo na Zambia pamoja. Ni vizuri sana, na mimi ninatamani kuingia kule siku moja. Lakini itakuwa haya kubwa kama sisi, watu wa shaba na kobalti, tutafanya utafiti wa batri katika nyumba zinazopoozwa na mazut, wakati wengine wanapika chai na jua. Kule Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka juu ya malata yake pano za kilowati 600 mwaka 2014, na kina kituo chake cha utafiti wa umeme ambapo mwanafunzi anaona kwa macho kile anachosoma. Hapo nyumba yenyewe inakuwa mwalimu. Nyumba za utafiti zitakazojengwa Kolwezi na Lubumbashi ziwe namna ile, na wanafunzi wa politekniki wawe ndani ya kazi toka mstari wa kwanza wa kalamu. Na tabia hiyo ianzie wapi? Ianzie ku masomo, kwa labo ndogo kama yetu.

5. Wale wanaokataa

Nimesikia maneno matatu ya kukataa, na si maneno ya wapumbavu.

La kwanza: "Kujenga ni kazi ya enjinyeri." Ni kweli. Nani anataka mtoto wa miaka kumi na saba ahesabu vyuma vya msingi? Uzito, vyuma, simenti, hiyo ni ya enjinyeri, tusiiguse. Lakini joto, mwanga, kelele, vumbi, hiyo sisi tuko nayo toka saa moja na nusu asubuhi mpaka jioni. Mganga mwenye diplome kubwa anauliza mgonjwa kwanza: unaumwa wapi? Akiuliza, diplome yake haipungui.

La pili: "Itachelewesha kazi." Mkutano wa siku mbili hauchelewishi nyumba ya miaka hamsini.

La tatu njo lina nguvu: "Ninyi wanafunzi mnapita tu. Mtasema maoni, mwaka kesho mmekwenda, nyumba inabaki na sisi." Walimu walionena hivi wana haki. Mimi mwenyewe sitasoma sana katika ile labo. Lakini wadogo wetu watakaa fasi ile ile, na jua litawapiga vile vile. Kama maoni yetu yameandikwa katika daftari, na vipimo vimeandikwa, sisi tutakwenda lakini daftari litabaki. Hata mchoraji anapita, na fundi anapita. Anayebaki siku zote ni mwanafunzi, hata kama jina lake linabadilika kila mwaka.

6. Ninaomba nini

Siombi makubwa. Ninaomba mambo manne, na yote yanaweza kufanywa mbele ya vakansi.

Kwanza, mchoro utolewe ku mlango, uletwe mbele ya wanafunzi wote siku moja ya mkusanyiko, na mtu anayeujua atueleze. Kisha wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wakae katika kamati pale labo inapozungumzwa. Msichana asiachwe: mambo ya maji na vyoo wao wanayajua kupita sisi.

Pili, mwalimu wa fizikia atukopeshe termometri tatu. Tuzitundike katika kalasi tatu, moja ya malata bila plafoni, moja yenye plafoni, moja iliyo chini ya kivuli cha miembe. Kila siku saa mbili, saa sita na saa tisa mwanafunzi mmoja aandike. Nyuma ya mwezi mmoja hatutasema tena "kuko joto sana". Tutasema ni digrii ngapi, wapi, saa gani. Hapo hata enjinyeri atatusikiliza.

Tatu, tuanze daftari la konteri. Kila siku ya kwanza ya juma wawili wasome ile sanduku ya umeme, waandike hesabu, na hesabu ibandikwe ku ubao pamoja na tarehe. Labo ikiisha, tuendelee vile vile kwa labo. Na kama hesabu itaonyesha kwamba maoni yetu yalikuwa mabaya, ibandikwe vile vile. Watu wa Oberlin walivumilia hiyo, na sisi tutavumilia.

Nne, masomo iandikie Chuo Kikuu cha Kolwezi, iwaombe wanafunzi wachache wa mambo ya ufundi waje kuangalia mchoro pamoja nasi. Wao wanatafuta kazi ya mazoezi, sisi tunatafuta watu wa kutuonyesha njia. Hakuna falanga hapo, ni barua tu na chai.

Na wewe mwanafunzi mwenzangu unayesoma hapa na kusema "ni kweli, ni kweli", jua kwamba kazi haitafanywa na kusema "ni kweli". Termometri haitajisoma yenyewe. Yule anayetaka kuandika hesabu ya saa tisa, aje anione barazani siku ya ijumaa nyuma ya masomo. Majina matano ya kwanza njo yataanza.

Wale wasiokubaliana nami, walimu au wanafunzi, nao waandike. Bado kuko nafasi katika namba ijayo ya gazeti letu, na msingi wa labo bado haujachimbwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, sayansi